Mkate Usio na Chumvi

Huku kwetu, nyanda za juu za Soria, hakuna anayemwita Saturio mtu wa hasira, kwa sababu kila mtu ana hasira yake ya kushughulikia. Lakini tangu walipoweka kile kibao cha kijani kwenye njia panda ya Peñasorda, kibao chenye picha ya baiskeli na maneno NJIA YA KIMYA, Saturio huendesha gari lake la mkate akiwa ameuma meno. Ukikutana naye barabarani utaona taya kabla hujaona uso.

Ni mwokaji mkate, mwana wa mwokaji mkate. Tanuri lake liko Hontalba, kijiji ambacho bado kina baa, duka la dawa linalofunguliwa asubuhi tu, na watu wa kutosha kugombania umeya. Kutoka hapo, kila Jumatatu na Alhamisi, hupakia gari lake jeupe na kupanda mlimani, kijiji hadi kijiji, kwa barabara ambazo wakati wa baridi hazipitwi na mtu isipokuwa yeye, mwuza samaki, na kasisi siku anazokumbuka. Baba yake alizipita na nyumbu. Zama hizo Peñasorda peke yake ilimaliza shehena ya nyumbu mzima, na shule yake ilijaa hadi wadogo wakakalishwa kwenye ngazi. Halafu viwanda vya Zaragoza na Barcelona vikaita. Watu hawakuondoka kwa kishindo. Waliondoka nyumba baada ya nyumba, kila familia ikifunga mlango na kusema itarudi kwa sikukuu ya mtakatifu. Na kweli Agosti wanarudi, wanakunywa, wanacheza dansi uwanjani, wanalia kidogo mbele ya makaburi, kisha wanawasha magari. Ikifika Novemba, Peñasorda hubaki na bomba moja tu la moshi. Bomba la Baudilia.

Kwa hiyo wenye kibao waliposema wamegundua kimya huku, Saturio aliwacheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Hicho si kimya," alisema siku moja pale baa, akiwa amesimama na glasi yake ya mvinyo ambayo hakuinywa. "Hao ni watu. Kila mahali unaposikia hakuna kitu, hapo palikuwa na mtu fulani, na mimi namjua jina."

Njia yenyewe ni nzuri, hatuwezi kusema uongo. Inaanzia kwenye daraja la Warumi chini ya Hontalba, inapanda katikati ya mashamba ya ngano ambayo mwezi wa Mei hutapakaa maua mekundu, inapita Peñasorda, inazunguka chini ya mnara wa ulinzi uliojengwa na Waarabu walipokuwa wakiitawala nchi hii, na kuishia kwenye kikanisa cha Santa Quiteria. Chini ya paa lake wachongaji wa kale waliweka nyani wa mawe, wapiga mieleka, na mwanamke mmoja anayevuta ulimi wake kwa vidole. Waendesha baiskeli hutoka Madrid, Bilbao, wengine Uholanzi. Wanavaa nguo za kubana zenye rangi za kasuku. Wanasalimia. Hawatupi taka. Ni watu wema, wengi wao, na hilo ndilo linalomuumiza Saturio zaidi, kwa sababu hasira yake haipati pa kutua.

Baudilia yeye hakuwa na shida hiyo. Hasira yake ilitua popote.

Tulimwita Shangazi Baudilia, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote aliyebaki. Mumewe alikuwa mchungaji wa kondoo, alizikwa zamani. Mwanawe wa pekee, Jacinto, alistaafu kiwandani Zaragoza na kila Jumapili alimpigia simu mama yake kumwambia jambo lile lile: kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na mtaa wao, ina lifti, ina bustani. Na kila Jumapili Baudilia alijibu kwamba bustani anayo, na lifti ataipanda siku ya kufa. Alitaka kitu kimoja tu duniani, naye alikisema kwa yeyote aliyesimama mbele yake muda wa kutosha: kumalizia siku zake ndani ya ile nyumba ya mawe, na kuku wake, na kutolewa hapo amelala.

Saturio alipofika Peñasorda alipiga honi mara moja, ndefu, kisha akazima injini. Baudilia, awe jikoni, awe bustanini, awe kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba, aligonga chochote cha chuma kilicho karibu. Hiyo ilikuwa salamu yao. Akiwa na nguvu ya kugombana, alitoka nje kabisa.

"Mkate wako una ladha ya kiatu, Saturio."

"Kiatu kilichooshwa vizuri, Shangazi. Chumvi alikukataza daktari, si mimi."

"Yule daktari kafa, unajua? Yeye alikula chumvi, mimi nikala viatu vyako. Nani yuko hapa anaongea?"

"Basi kiatu kinakufaa."

"Baba yako alikuwa na mdomo mdogo kuliko wako. Na mkate mkubwa."

Ni kweli alikuwa na presha, na ni kweli Saturio alimkandia unga wake kando, bila chumvi. Mikate yetu huku ni ya duara, mikubwa, maganda magumu, ya kukaa siku kadhaa. Kabla ya kuiingiza tanurini Saturio huichanja msalaba juu kwa wembe. Ule wa Baudilia aliuchanja mstari mmoja tu, ili usichanganyike na mingine. Kati ya mikate yote ya tanuri lile, mmoja tu ulikuwa na mstari mmoja.

Asipotoka, kulikuwa na mfuko. Kila nyumba huku ina mfuko wa kitambaa unaotundikwa kwenye nondo za dirisha kwa ajili ya mkate. Wa Baudilia ulishonwa kutoka kwenye shuka la harusi yake, na bado ungeweza kuona herufi za jina lake zilizotariziwa kwa uzi wa buluu. Mwokaji anatia mkate mfukoni, anakwenda zake. Mwenye nyumba akirudi anautoa, anatundika tena mfuko mtupu. Hakuna aliyewahi kuliandika hili mahali popote, lakini kila mwokaji wa nyanda hizi analijua: mfuko mtupu, mwenyewe ni mzima. Ukikuta mkate wa safari iliyopita umo bado, unazima gari na kuingia ndani, hata kama unaogopa utakachokuta. Saturio alishaingia hivyo nyumba kadhaa. Hapendi kuzisimulia.

Basi akaja Guzmán. Huyu hakuwa mgeni. Babu yake alikuwa mpiga kengele wa Peñasorda, na yeye mwenyewe, baada ya kusoma na kuchoka huko Madrid, alirudi Hontalba na baiskeli za kukodisha, gari la kubebea mizigo ya wageni, na maneno mengi. Ni yeye aliyeipa njia jina. Majira ya kuchipua alimfuata Saturio kwenye tanuri, akasimama mlangoni asije akachafuka unga.

"Saturio, nina ombi dogo. Usilichukulie vibaya."

"Nimeshalichukua. Sema."

"Ile honi. Pale Peñasorda. Siku ambazo nina msafara. Wageni wanalipia kimya, unaelewa? Juzi umeipiga, mama mmoja nusura aanguke mtaroni."

"Angeanguka ningemwinua."

"Halmashauri imekubali. Siku za misafara, hakuna honi kijijini. Ni miezi michache tu. Na kule juu nani anaihitaji? Kuna bibi mmoja, na mfuko anao."

Saturio alimtazama mpaka Guzmán akaanza kukung'uta unga ambao haukumpata. Kisha akasema sawa. Alisema sawa kwa sababu halmashauri ndiyo iliyompa kibali cha tanuri, kwa sababu mkewe alikuwa akimwambia aache kugombana na kila mtu, na kwa sababu jambo lenyewe lilionekana dogo. Baudilia aliposikia, alimcheka usoni.

"Wamekufunga mdomo kama mbwa wa kukodi. Baba yako angewapitishia honi chini ya kitanda."

"Baba yangu hakuwa na honi. Alikuwa na nyumbu."

"Nyumbu naye alikuwa akilia."

Mwezi haukuisha, mkate ukaanza kupotea. Alhamisi moja Baudilia alimngoja mlangoni, mikono kiunoni. Jumatatu hukuniletea mkate, akasema. Saturio akasema aliuleta, aliutia mfukoni kwa mkono wake. Hukuutia. Niliutia. Wakabishana hivyo katikati ya uwanja ambao zamani ulijaa soko, sauti zao zikigonga kuta za nyumba zilizofungwa. Wiki iliyofuata jambo lilijirudia. Safari hii Saturio hakubishana. Alimpa mkate mwingine kutoka garini, akamtazama jinsi alivyoushika, akarudi Hontalba akijiuliza kama kichwa cha Shangazi bado ni kizima. Jacinto alipompigia kuuliza hali, kama alivyofanya mara moja moja, Saturio alimwambia. Alisema kwa upole. Alisema huenda si kitu, lakini mama anaanza kusahau kama amekula mkate wake au la.

"Nilijua," akasema Jacinto upande wa pili.

Ilikuwa Jumatatu ya katikati ya Mei. Saturio alifika Peñasorda akakuta baiskeli zimeegeshwa kwenye chemchemi, wageni wanajaza chupa. Hakupiga honi. Mfuko ulikuwa mtupu, ukipepea kidogo. Akatia mkate wa mstari mmoja, akapanda gari, akaenda. Alhamisi alifika mapema kidogo kuliko msafara. Angeweza kupiga honi, hakuna ambaye angemsikia, lakini mtu akishazoeshwa kunyamaza hunyamaza hata anapokuwa peke yake. Aliacha injini ikinguruma, akaenda dirishani. Mfuko mtupu. Yaani mkate wa Jumatatu umetolewa, yaani Shangazi ni mzima, yuko bustanini anawatukana konokono. Akatia mkate mpya, akaondoka.

Alizunguka vijiji vya juu, na wakati wa kurudi akapita Santa Quiteria. Msafara ulikuwa umeketi kwenye ngazi za kikanisa, chini ya wale nyani wa mawe, unakula. Jibini, soseji, zeituni. Guzmán alikuwa amesimama akielekeza kidole juu, akieleza habari za yule mwanamke anayevuta ulimi. Saturio angepita tu. Lakini barabara pale ni nyembamba, na mwanamume mmoja mwenye mvi, uso mwekundu kwa jua, alisogea dirishani kwake na kipande cha mkate mkononi.

"Karibu, bwana. Wewe ndiye mwokaji, nimeona gari. Mkate huu ni mzuri ajabu, maganda yake, sijui niseme nini." Akatafuna. "Ila samahani nikwambie, umesahau chumvi."

Saturio alishuka. Alikwenda mpaka kwenye ngazi, akauinua mkate uliobaki, akaugeuza. Mstari mmoja.

"Nani amewapa huu?"

"Ulikuwa umetundikwa," akasema yule mwanamume, bado anatabasamu. "Pale kijijini. Mkate wa msafiri. Guzmán ametueleza. Tumeacha ua mfukoni, la shukrani."

Saturio akamgeukia Guzmán. Guzmán alikuwa ameshusha kidole.

"Mkate wa nini?"

"Ni... ni hadithi tu, Saturio. Zamani watu walikuwa wakarimu. Walitundika mkate kwa wapita njia."

"Nani alitundika?"

"Babu alikuwa akisema..."

"Babu yako alikuwa mpiga kengele. Hakuwa mwongo." Aliushika ule mkate kama mtu anayeshika kitu kilichookotwa mtoni. "Jumatatu pia? Mliuchukua wa Jumatatu?"

Guzmán aliitikia kwa kichwa. Saturio akaona kila kitu kwa mpigo. Mfuko wa Jumatatu haukusema lolote. Wa leo haukusema lolote. Tangu Alhamisi iliyopita hakuna mtu aliyemwona Baudilia, hakuna aliyemsikia, na yeye, mwokaji, mwana wa mwokaji, amesimama mara mbili chini ya dirisha lake, mdomo umefungwa, na kuondoka akiwa ametulia.

Aligeuza gari pale pale, magurudumu yakarusha kokoto hadi kwenye jibini lao, na kutoka Santa Quiteria hadi Peñasorda mkono wake haukutoka kwenye honi. Wakulima waliokuwa mbali shambani wanasema walidhani gari limeshika moto. Tumbusi waliruka kutoka kwenye mnara.

Uwanjani alizima injini. Akapiga mara moja, ndefu, kama zamani. Akangoja. Kimya kile walichokuwa wakikiuza kilikuwepo chote, kimejaa uwanja, na Saturio anasema hajawahi kuchukia kitu maishani mwake kama alivyokichukia wakati ule. Kisha, nyuma ya nyumba, kitu cha chuma kikagongwa. Kidogo sana. Tena.

Alikuwa kwenye banda la kuku. Aliteleza asubuhi ya Jumatatu, akikimbizana na jogoo, nyonga ikavunjika, na hakuweza kusogea zaidi ya urefu wa mkono wake. Alijifunika magunia ya unga wa mahindi. Maji aliyokunywa ni yale ya beseni la kuku. Midomo ilikuwa imepasuka, na kuku mmoja alikuwa amelala kwenye mapaja yake kama ameajiriwa.

"Umechelewa, Saturio," akasema.

"Shangazi. Shangazi, usiongee."

"Nilikusikia ukija. Mara zote mbili. Nikashika jiwe nikasema, ngoja apige honi, nitamjibu." Alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Hukupiga. Nikagonga tu hivyo hivyo. Hiyo injini yako inakoroma kama marehemu mume wangu."

Saturio alipiga magoti kwenye kinyesi cha kuku, akavua koti akamfunika.

Hospitali ya mjini walimtengeneza nyonga vizuri. Ni imara, alisema daktari, huyu ni mwanamke wa chuma. Saturio alimtembelea mara kwa mara. Mara ya kwanza Baudilia alikuwa na mirija mkononi lakini macho yalikuwa yale yale.

"Watilie chumvi," akamwambia.

"Nani?"

"Wale kasuku wenye baiskeli. Oka mkate mmoja, tia chumvi kilo nzima, uutundike dirishani kwangu. Waone ukarimu wa zamani."

Saturio alicheka, na aliporudi tanurini aliufikiria mkate ule kwa dhati. Alipima chumvi. Akaitazama kwenye mizani. Lakini mtu aliyelelewa kubusu mkate ulioanguka chini kabla ya kuurudisha mezani hawezi kuuharibu kwa makusudi, hata kwa adui. Akairudisha chumvi kwenye gunia, na hasira ikabaki ilipokuwa.

Jacinto alikuja kutoka Zaragoza na mkewe na karatasi za nyumba ya wazee zimeshajazwa. Walikutana na Saturio kwenye ukumbi wa hospitali, karibu na mashine ya kahawa.

"Harudi tena kule," akasema Jacinto. "Nakushukuru kwa yote, lakini harudi."

"Hakuanguka kwa sababu ya kijiji. Aliteleza. Hata hapa chooni mtu anateleza."

"Hapa akiteleza kuna kengele kitandani. Kule kuna nini, mfuko?" Sauti yake haikupanda. Alikuwa mtu mwenye huzuni, si mtu mbaya. "Halafu wewe mwenyewe uliniambia. Kwamba anasahau. Kwamba hajui kama amekula."

"Nilikosea. Mkate uliibwa. Kichwa chake ni kizima kuliko chako na changu."

"Labda. Lakini aliyelala na kuku si mkate, Saturio. Ni mama yangu."

Lililomkera Saturio zaidi ya yote ni hili: kwamba kila aliyehusika alikuwa na sababu yake nzuri mfukoni, na bibi mmoja ndiye aliyelipia sababu zote.

Baudilia alipigana. Aliwatukana Jacinto na mkewe, akamwambia mwanawe kwamba hata kondoo huulizwa kwa fimbo kabla ya kuhamishwa, yeye hajaulizwa kwa lolote. Kisha asubuhi moja aliamka akajaribu kusimama, mguu ukamkatalia, na akanyamaza. Jacinto anasema alitia sahihi bila kusoma. Kuku wote alipewa Saturio. Jogoo pia, na Baudilia alimwagiza amle, lakini mpaka leo jogoo yupo, anawika nyuma ya tanuri muda wowote anaotaka.

Peñasorda ikabaki bila moshi.

Mwanzoni mwa kiangazi Guzmán aliingia baa ya Hontalba, akavuta kiti mbele ya Saturio. Alikuwa amekonda. Hatusemi kwamba hakuumia.

"Nimefikiria sana," akasema. "Nataka kurekebisha. Kile nilichokuwa nawaambia wageni, nimeacha. Nataka tuwaambie ukweli wa mfuko. Ukweli wenyewe, kama ulivyo."

"Waambie."

"Tutundike mfuko kwenye kila mlango wa Peñasorda. Nyumba zote. Kila mfuko na jina la familia iliyoishi pale. Ndani tunaweka mkate wa plasta, hauozi, hauibwi. Na kibao cha kueleza. Itakuwa heshima, Saturio. Kwa Shangazi pia. Wewe ungetusaidia na umbo la mkate."

Saturio aliweka glasi chini polepole.

"Mkate wa plasta."

"Ndiyo."

"Na bandani utaweka bibi wa plasta? Na beseni?"

"Saturio, tafadhali."

"Mweke jiwe mkononi, wageni wapige picha."

"Unadhani mimi sitaki kuona moshi kwenye nyumba ya babu yangu?" Guzmán naye sasa alikuwa amewaka. "Hakuna anayekuja huku. Hakuna. Wanaokuja ni hawa wa baiskeli tu. Nitawaleta kwa nini, kwa hasira zako?"

"Wanakuja, ndiyo. Wanakuja kwa sababu hatupo. Tungekuwepo wasingekuja, tungewapigia kelele. Watoto wetu wangewatupia mpira kwenye magurudumu. Mbwa wangewang'ata miguu ile iliyonyolewa." Alisimama. "Umeuza kutokuwepo kwetu, Guzmán, halafu ukamwomba mmoja aliyekuwepo anyamaze. Nami nikanyamaza. Usiniombe tena kitu."

Siku ile ile alipanda Peñasorda, akaufungua mfuko wa Baudilia kwenye nondo. Ndani kulikuwa na lile ua la shukrani, limekauka. Alilitupa, akaukunja mfuko, na siku yake ya mapumziko akaupeleka Zaragoza pamoja na mkate wenye mstari mmoja. Alimkuta kwenye chumba kisafi, dirisha linalotazama maegesho ya magari. Baudilia aliutundika mfuko kwenye kitasa cha mlango wake. Wahudumu wakautoa, utaratibu hauruhusu. Akautundika. Wakautoa. Inasemekana sasa wameuacha.

Kibao cha kijani bado kipo. Misafara bado inapita. Lakini Saturio hajafuta Peñasorda kwenye safari yake, ingawa hakuna wa kumnunulia mkate pale, na halmashauri imeshamwonya kwa mdomo. Jumatatu na Alhamisi anaegesha uwanjani, anazima injini, anapiga simu na kuiweka kwenye ukingo wa dirisha la gari. Anangoja upande wa pili upokee. Kisha anapiga honi, mara moja, ndefu.

Juma lililopita kulikuwa na mwendesha baiskeli amekaa kwenye chemchemi, kijana mwenye heshima, nadhani Mholanzi. Alishtuka, akamwagikiwa maji, kisha akamtazama Saturio kwa upole na kuweka kidole mdomoni.

Saturio alikitazama kidole kile. Akanyoosha mkono akapiga tena, ndefu kuliko ya kwanza, akiwa amemkazia macho, mpaka kijana akashusha mkono. Halafu akainama kwenye simu. Kisha kutoka Zaragoza kikaja kijiko kikigonga chuma cha kitanda, mara kadhaa, kwa hasira, na nyuma yake sauti ya mhudumu ikiomba utulivu.

"Umechelewa, Saturio," ikasema simu.